Nilifuta majina ya penseli kwenye first edition, wenyewe wakaanza kuja dukani kudai zamu zao

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi ni msomaji wa kimya. Miaka yote napita kwenye nyuzi zenu, nacheka, naondoka. Leo naandika kwa sababu kuna jambo limenikaba na nina siku chache za kuliamua.

Nitasema nilichokiona na kukisikia, chumvi sijaongeza. Anayetaka kuita chai aite, ila asome mpaka chini kwanza.

Mimi ni Mrundi niliyekulia Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi. Shule yangu yote ni Kiswahili. Tuliporudi, wazee walikwenda kushika jembe Ryansoro. Mimi shamba lilinishinda, nikaja Gitega mjini.

Nina kibanda mtaa wa Magarama, nauza vitabu vilivyotumika. Vingi ni vya shule, ndivyo vinavyolipa kodi. Ila ugonjwa wangu ni riwaya za mfukoni. Vile vitabu vyembamba vya Kiswahili vya zamani, vya upelelezi na mapenzi, vyenye majalada ya kuchorwa kwa mkono.

Wengi waliorejea walivibeba kwenye mizigo yao pamoja na masufuria. Kwao ni makaratasi. Kwangu mimi, na kwa wateja wachache wa Dar na Nairobi, ni mali.

Hapa lazima nieleze kidogo habari za first edition, maana bila hiyo hamtaelewa nilichofanya. Vumilieni.

Riwaya hizi hazikuwahi kuwa na jalada gumu. Zimezaliwa na jalada la karatasi na zitakufa nalo. Kwa hiyo huwezi kusema chenye jalada gumu ndicho cha kwanza. Unabaki kupekua.

Wengi wanafungua ukurasa wa haki za mchapaji, wakiona "kimechapwa mara ya kwanza" wanaanza kushangilia. Pole yao. Wachapaji wa zamani walirudia kuchapa, na mstari ule ule wakauacha pale pale.

Mimi naanzia nyuma. Kurasa za mwisho kuna matangazo ya vitabu vingine vya mfululizo huo. Ukikuta humo kitabu kilichotoka baada ya hicho ulichoshika, basi hiyo ni chapa ya baadaye, funga mjadala. Kwenye chapa ya kwanza, kile kinachofuata utakuta kimeandikwa "kitatoka karibuni".

Halafu bei. Chapa ya kwanza ina bei iliyochapwa pamoja na jalada. Za baadaye zimebandikwa kikaratasi juu.

Halafu pini. Ule mfululizo ninaoutafuta, mwanzoni walikuwa wanabana kwa pini mbili za chuma ubavuni. Baadaye wakahamia kwenye gundi. Zile pini zimeota kutu, na kutu imeingia mpaka kurasa za ndani. Nikiona kutu hiyo moyo unanienda mbio.

La mwisho ni usafi. Mteja wa maana hataki kuona mtu kaandika humo ndani, hataki kurasa zilizokunjwa pembe. Kwa hiyo mimi nasafisha. Na hapo ndipo nilipokosea.

Kila baada ya wiki mbili tatu napanda kwenda Muyinga. Sokoni kule kuna mama anauza karanga, namwita Mama Jeni. Ananunua makaratasi ya zamani kwa kilo, anachana kurasa moja moja na kufungia karanga. Tuna mapatano: kitabu cha Kiswahili asikiguse mpaka mimi nikione.

Siku hiyo nilimkuta mchana, jua limekaza. Akanisukumia mfuko wa saruji kwa mguu.

"We Mtanzania, unachelewaka sana. Angalia humo, iko mingi. Kesho ningechana yote."

Hapa kwetu ukishakulia kule, wewe ni Mtanzania mpaka uzikwe. Nimeshazoea.

Nikapekua. Madaftari, katekisimu, kalenda. Chini kabisa nikakiona.

Jina lake silitaji, mtanisamehe, sababu mtaijua wenyewe. Ni hadithi ya karani wa posta aliyepotea na funguo za ofisi. Jaladani kuna mtu kavaa kofia, kasimama mbele ya dirisha la posta lililofungwa. Miaka sita nilikuwa nakitafuta, na chapa ya kwanza sikuwahi kuiona kwa macho yangu.

Bei imechapwa. Kinachofuata "kitatoka karibuni". Pini mbili, kutu tele. Nikakaa chini juu ya gunia la karanga, Mama Jeni akanifukuza.

Kasoro zilikuwa mbili tu. Ukurasa wa sitini na moja ulikunjwa pembe. Na nyuma kabisa, kwenye ule ukurasa mtupu, kulikuwa na majina matano ya penseli, moja chini ya jingine. Mawili ya juu yalikuwa na alama ya tiki. Matatu hayakuwa nayo.

Nikajua hapo hapo: orodha ya waazimaji.

Kule makazini kitabu kimoja cha hadithi kilizunguka nyumba hadi nyumba. Anayechukua anaandika jina lake kwa mkono wake, akirudisha anapigiwa tiki. Hata mimi utotoni nimejiandika hivyo mara nyingi.

Tena majina yenyewe hayakuhusiana hata kidogo. Ninyi wa Tanzania labda hamjui hili: kwetu Burundi ndugu wa tumbo moja kwa kawaida hawachangii jina la ukoo. Kila mtoto anapewa lake. Ndugu watano wakiandikwa kwa mpangilio wanaonekana kama watu watano waliokutana kwenye foleni ya maji.

Hilo nalijua tangu nianze kusema. Ila nilikuwa na furaha ya mali, akili ikalala.

Nikarudi Magarama. Kesho yake nikakisafisha mlangoni penye mwanga, kama ninavyosafisha vyote. Raba laini, taratibu, halafu chembe za mkate mkavu za kukusanya vumbi la penseli. Majina sikuyasoma hata vizuri. Nakumbuka la kwanza lilikuwa Ciza, kwa sababu tiki yake ilikuwa kubwa. Mengine yakapita chini ya raba.

Pembe iliyokunjwa nikainyoosha, nikakilaza kitabu chini ya jiwe usiku kucha.

Najua mtauliza mbona sikupiga picha kwanza. Nilipiga. Jalada, ukurasa wa haki, matangazo, pini. Ukurasa wa majina sikuupiga. Nani anapiga picha ya uchafu?

Nikamtumia picha mteja wangu wa Dar, naye akasema anakitaka, asiguse mtu mwingine. Tukakubaliana nitakipeleka mwenyewe Kobero, pale mpakani, nimkabidhi dereva wa lori ninayemwamini.

Siku mbili baadaye, saa nne asubuhi, akaja mzee mmoja kibandani.

Mtu wa kawaida kabisa. Shati la kijivu, mwavuli wa mpini wa mbao, mvi kidevuni. Nikamwambia karibu. Aliegemeza mwavuli mlangoni, akafuta mikono yake kwenye suruali, mbele na nyuma. Halafu akanionyesha viganja vyote viwili, kama mtoto anayekaguliwa kucha shuleni.

"Nimekuja kuchukua kitabu," akasema. Kiswahili cha kule, safi, kama changu. "Nilikuwa sijamaliza. Nilikunja pembe pale nilipoishia."

Nikamuuliza kitabu gani. Akasema cha posta.

Wakuu, kitabu kilikuwa ndani ya begi, chini ya meza, kimefungwa kwenye gazeti. Hapa Gitega sikuwa nimemwambia mtu.

Nikajikaza. Nikamwambia hicho kimeshapata mwenyewe. Hakubisha. Aliteremsha mikono polepole, akasema, "Basi nitasubiri. Mimi ni Bukuru." Akachukua mwavuli wake akaenda.

Nilipofungua kitabu baadaye, alama ya mkunjo kwenye ukurasa wa sitini na moja ilikuwa bado inaonekana. Sikuweza kunywa hata chai siku ile.

Nikajipa majibu. Labda ni mtu wa Muyinga aliyekiazima zamani, amesikia kwa Mama Jeni. Nikajituliza na hilo.

Siku ya tatu akaja mama mmoja wa makamo. Kitenge cha kijani, kikapu kichwani, ana mwanya. Alitua kikapu, akafuta mikono kwenye kitenge, akanionyesha viganja.

Mimi hata kabla hajafungua mdomo nilikuwa nimeshasimama.

"Bukuru amekirudisha?" akaniuliza.

Nikasema hapana, Bukuru sikumpa.

"Ah. Basi zamu yangu bado." Akajitwisha kikapu. Nikamuuliza jina, sijui kwa nini nilimuuliza. Akasema Ndayishimiye, akaondoka akifuata ukuta wa jirani.

Najua kuna atakayeuliza kama vivuli walikuwa navyo. Mkuu, walikuwa navyo. Mzee alikuwa na kiraka kwenye kiwiko. Mama alinukia sabuni ya kufulia. Wangekuwa moshi ningekimbia, ningeombewa, mambo yangeisha. Kilichonitisha ni kwamba walikuwa watu.

Wa mwisho alikuja siku ya soko, watu wamejaa njiani. Nilipomwona nilidhani ni yule mzee wa mwavuli amerudi. Sura ile ile, mvi zile zile kidevuni. Ila huyu alivaa sweta la bluu na hakuwa na mwavuli, na alipopita mlangoni aliinama kidogo, kwa haya. Akafuta mikono. Akaonyesha viganja.

"Mimi ni Butoyi," akasema. "Najua zamu yangu ni ya mwisho. Nimekuja kuangalia tu kama kipo."

Nikamwambia kipo.

Akatabasamu, mtu mzima yule, kama mtoto aliyeambiwa nyama ipo. Akaenda.

Jirani yangu anaitwa Saidi, fundi cherehani, mzaliwa wa hapa hapa mjini. Alikuwa ameona kila kitu kutoka kwenye baraza yake. Akaja na futi yake shingoni.

"We jirani, hawa watu yako wanatoka wapi? Ule wa kwanza na huyu wa leo iko mapacha."

Nikamwambia majina yao. Saidi akaacha kucheka.

"Alors? Bukuru ni pacha mukubwa, Butoyi ni mudogo. Mutoto mudogo anajua hiyo. Na ule mama wa katikati pua ni ile ile, mi nilimsalimia. Hiyo iko nyumba moja. We ulifanya nini?"

Nikamweleza habari za waazimaji na raba. Akaniuliza majina yalikuwa ya miandiko mingapi. Nikafikiri. Ulikuwa mwandiko mmoja, wote watano, herufi za duara za mtoto wa shule anayejitahidi.

"Sasa mwazimaji gani anaandikwa hivyo na Bukuru na Butoyi ndani? We uko Mrundi ao uko nani? Peleka kitu ya watu kwa watu."

Niliona aibu, wakuu. Twende tu na ukweli, niliona aibu kuliko hofu.

Kesho yake nikapanda gari na kitabu begini. Mteja alijua naenda Kobero. Nikashukia Muyinga.

Mama Jeni alikumbuka. Ule mfuko alinunua kwa mwanamke anayeitwa Mama Lea, anayekaa na mama mkwe wake kipofu, nje kidogo ya mji. Akanielekeza nyumba.

Mama Lea nilimkuta anachambua maharage. Alipoona kitabu alishika mdomo. Akaninong'oneza kwamba alikuwa anasafisha nyumba, hajui kusoma, aliona makaratasi yanazaa mende akayauza yote. Tangu siku hiyo mkwewe haongei naye vizuri.

Ndani alikaa bibi mmoja mwembamba kwenye kiti cha mbao, macho yamefunga utando. Bibi Konsolata.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wewe umesoma Tanzania." Akatega sikio. "Umekuja na nini? Nasikia karatasi."

Nikasogea nimpe. Akanyoosha mkono, halafu akaurudisha.

"Umenawa? Nionyeshe mikono."

Nikaganda pale pale. Nikajikuta nafuta mikono kwenye suruali, mbele na nyuma, na kumnyooshea viganja vyote viwili. Yeye haoni. Alivipapasa kwa vidole vyake, kimoja kimoja, ndipo akakubali kukipokea kitabu. Akatafuta ubavu, akagusa pini ya juu, akagusa ya chini.

"Ndicho," akasema. Akakiweka kifuani.

Akanihadithia. Walikuwa watoto sita kule makazini, yeye mkubwa. Baba yao alikileta kitabu kile kutoka mjini. Kilikuwa kitabu pekee nyumbani mwao ambacho hakikuwa cha shule, na kila mtu alikitaka. Yeye akawapangia zamu kwa kuokota punje za mahindi, akaandika majina nyuma. Sheria ilikuwa moja: hakiguswi mpaka Konsolata akague mikono.

Ciza alimaliza. Nahimana akamaliza. Wa tatu alikuwa katikati ndipo surua ikaingia.

"Wiki tatu," bibi akasema. "Waliomaliza na waliokuwa wanangoja. Nilibaki mimi."

Nikamwambia pole bibi. Neno gani jingine lipo.

Mpaka siku hiyo majina yale hakuwahi kuyatamka mbele ya mtu, hata mumewe. Yalikaa kitabuni. Mjukuu wake mmoja alikuwa akimsomea kila Jumapili, yale majina tu, basi. Mjukuu akahamia Bujumbura, na tangu hapo hapatikani hata kwa simu. Na tangu mwaka jana kichwa kimeanza kumchezea.

"Ciza ninaye. Nahimana ninaye. Hao watatu sura zao ninazo, mmoja alikuwa na mwanya, lakini majina yameniponyoka. Nayatafuta usiku na mchana. Wazee wote waliotujua wamekwisha. Basi mwanangu, fungua nyuma unisomee."

Nikafungua. Ukurasa mweupe, safi, kazi ya mikono yangu.

Ningeweza kudanganya, nakiri niliwaza. Lakini nilimwambia, "Bibi, nimeyafuta. Nilidhani ni uchafu."

Akachukua kitabu, akapitisha kidole juu ya karatasi polepole. Penseli ya mtoto huwa inakandamizwa, raba haiondoi lile bonde. Nilikuwa nimeshajaribu kuuinamisha ukurasa kwenye mwanga nisome, sikupata kitu.

"Mmoja," akasema. "Wa pili. Wa tatu. Wa nne. Wa tano. Wote walikuwa hapa." Na machozi yakamshuka bila sauti.

Ndipo nikasema.

"Bukuru."

Kidole kikasimama.

"Ndayishimiye. Na Butoyi."

Bibi aliyarudia, moja moja, kwa mdomo mkavu. Bukuru. Ndayishimiye. Butoyi. Kisha akaniuliza, "Umesema umeyafuta ukidhani ni uchafu. Nani kakwambia?"

Nikamwambia wamekuja dukani kwangu. Nikamwambia habari za mikono. Najua kuna mtu atasema macho yangu yaliyasoma majina wakati nafuta na akili ikayaficha. Inawezekana. Lakini Saidi hakufuta kitu, naye aliwaona.

Bibi hakushtuka. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Walikuwa watoto?"

"Hapana bibi. Mapacha ni wazee, wana mvi hapa kidevuni. Bukuru anatembea na mwavuli. Dada yao ni mama mtu mzima, amevaa kitenge, anajitwisha kikapu."

Nje Mama Lea aliacha kuchambua maharage.

"Basi walikua," bibi akasema.

Wakuu, nililia. Sina la kuficha.

Kobero sikufika. Nilichukua penseli nikayaandika majina upya, palepale kwenye mabonde yao, na tiki mbili za juu. Nilipomaliza bibi akasema, "Chini ya Butoyi niandike na mimi. Mkubwa huwaachia wadogo watangulie. Mimi kitabu hiki sijakisoma mpaka leo."

Nikaandika Konsolata, wa sita.

Kisha akaniomba nifungue alipoishia Bukuru. Nikanyoosha miguu, nikasoma kwa sauti kuanzia ukurasa wa sitini na moja mpaka mwisho, karani akapatikana, funguo zikapatikana. Bibi mwenyewe aliziba masikio kwa viganja muda wote, kwa sababu haikuwa zamu yake. Nikasema nimemaliza. Akasema, "Mpigie tiki Bukuru."

Kesho yake narudi Magarama, Saidi ananisubiri barazani.

"Ule muzee wa mwavuli alipita. Hakuuliza kitabu. Alisema, mwambie nimemaliza, asante."

Safari iliyofuata nikasoma chote kwa ajili ya Ndayishimiye, siku mbili nzima, nikalala kwa shemeji wa Mama Jeni. Nikapiga tiki. Niliporudi, Saidi akaniambia mama wa kitenge kapita, kacheka mwanya wote nje, kasema kamaliza. Nilipomwambia bibi kwa simu, alicheka mpaka akakohoa.

Butoyi nilimwanzia wiki tatu zilizopita. Nilisoma vizuri tu mpaka zilipobaki kurasa kumi na moja. Hapo nikainua macho nikamwona bibi, mikono masikioni, ametulia, na nikaelewa jina linalofuata ni la nani. Nikafunga kitabu. Nikasema koo linaniuma, nitarudi.

Sijarudi. Mara mafuta hamna, mara gari hakuna, mara mvua. Yote ni kweli na yote ni uongo.

Funzo nililopata ni hili. Mimi nilijiona bingwa wa kutambua chapa ya kwanza, najua pini, najua bei, najua matangazo. Lakini chapa ya kwanza walichapa maelfu, na hicho chenye majina kilikuwa kimoja. Ukikuta mwandiko wa mtu ndani ya kitabu, usikimbilie raba. Uliza kwanza kimetoka nyumba gani. Mteja wangu wa Dar, kama unasoma hapa, nisamehe mkuu. Sasa unajua kwa nini sikupokea simu zako.

Na ninyi wengine, nimewaita kwa sababu peke yangu nimeshindwa. Nikimnyima, Butoyi anaendelea kungoja, na aliniinamia mlangoni kwa haya nikamwambia kipo. Nikimaliza, inafika zamu ya Konsolata, na kwenye orodha ile aliyepigiwa tiki habaki. Mwenye hekima aseme, mwenye kejeli naye aseme, zote nitasoma.

Jana Mama Lea alinipigia. Hakuwa na maneno mengi, alisema ametumwa.

"Bibi anauliza unakuja lini kumaliza," akasema. "Anasema yeye ameshanawa mikono."